Siku Mzee Magoti Aliposimama

Ndiyo, alisimama. Acheni kunishika shati barabarani mkiniuliza kama kalamu iliniteleza wiki iliyopita. Haikuniteleza. Mzee Magoti, ambaye hakuna mtu wa Mulago wala Wandegeya hapa Kampala aliyetaka kumwona akinyanyuka, alinyanyuka mchana kweupe, akajikung'uta majani kwenye suruali, akamgeukia Rosebella Aoko.

Na alikuwa amevaa koti la mume wa Rosebella.

Koti lile lile la kijivu, lenye kiraka cha kahawia kwenye kiwiko. Rosebella mwenyewe ndiye aliyekishona kiraka hicho, akalalamika siku nzima kwamba kitambaa hakifanani.

Kama umeliokota gazeti hili leo kwa mara ya kwanza, sikiliza upesi, maana sina nafasi. Ukisimama kwenye lango la kanisa la matofali pale mteremkoni, jua likianza kuegemea upande wa Kasubi, utamwona mtu katikati ya makaburi. Amepiga magoti, kichwa kimeinama, mabega yamekunjika. Ukimsogelea anarudi nyuma. Ukifika kwenye mti wa maua meupe, hayupo. Kuna jiwe la kaburi la mmisionari lililovunjika pembe, na nyuma yake kisiki cha mvule. Basi. Ukirudi langoni, mtu yule pale, anasali.

Wengine husema ni jiwe na kisiki vinavyoungana machoni kwa sababu ya mteremko na kivuli. Wengine husema ni katekista wa zamani aliyezikwa kabla hajakata roho. Wote wanakubaliana jambo moja: akiwa kwenye magoti hana ubaya. Siku atakaposimama, aliyemwona atazika mtu wa nyumbani kwake.

Rosebella alikuwa anatoka hospitali ya Mulago, kutazama maiti. Mumewe, Cleopas Omolo, alikuwa amechukuliwa na askari wa serikali ya kijeshi mwezi mmoja kabla, na tangu hapo mke huyu alikuwa akigonga milango. Ofisi moja walimwambia mumewe amerudi Kisumu. Nyingine wakamwambia amerudi Kisumu na mwanamke. Ya tatu, kijana mwenye miwani myeusi alimtazama kuanzia kichwani mpaka miguuni, akasema hata yeye angekimbia.

Mwanamke mwingine angepiga yowe akatafuta lango. Rosebella alikuwa na hasira nyingi mno, hofu ilikosa mahali pa kukaa. Alivua kiatu.

"Lete koti la mume wangu!" alifoka. "Uwe shetani, uwe mtu, lete koti!"

Akakitupa. Kiatu kilimpata Mzee Magoti begani, barabara.

"Uuwi!" alisema Mzee Magoti. "Pole pole, shemeji!"

Rosebella aligutuka. Alikuwa hajawahi kusikia pepo akiita mtu shemeji. Akapita makaburi kwa hatua za kupiga chini, mguu mmoja una kiatu na mwingine hauna, akaupita mti wa maua meupe, na yule mtu hakutoweka. Alibaki pale pale kati ya jiwe na kisiki, amekonda, ndevu zimemwota ovyo, anasugua bega.

"Odoch?"

"Ni mimi, shemeji. Tafadhali inama. Tutaonekana."

Odoch! Mwacholi wa pale kwenye kiwanda cha uchapaji Wandegeya, aliyepanga herufi huku Cleopas akiendesha mashine. Jumapili ngapi amekula samaki mezani kwa Rosebella, akilamba vidole na kuomba ugali mwingine? Rosebella alimdhania amekimbilia Sudani.

"Siinami mimi! Unafanya nini hapa?"

"Najificha. Usiku nalala ghalani nyuma ya kanisa. Mchana nakuja hapa kuota jua. Kampala nzima, shemeji, ni hapa tu ambapo mtu akiniona, anayekimbia ni yeye."

"Na koti?"

"Alinipa mwenyewe. Siku waliyokuja."

Rosebella alimkamata ukosi. "Siku waliyokuja? Ulikuwepo?"

Odoch alitazama chini. "Nilikuwa nyumbani kwako. Nyuma, kule bafuni."

"Mume wangu anaburutwa mlangoni, wewe uko bafuni kwangu!"

"Walikuwa wananitafuta mimi."

"Wakutafute wewe kwangu? Kwani mimi nimeolewa na Odoch?"

"Shemeji, jina langu lingine unalijua?"

Hakulijua. Kazini aliitwa Odoch, mezani aliitwa Odoch, na hakuna aliyewahi kumwuliza zaidi ya hapo.

"Ni Omoro," alisema. "Odoch Omoro."

Rosebella alimwachia ukosi.

Ninyi mnaosoma mmekwisha kuona, au bado? Rosebella ni Mjaluo, na kwa ulimi wake Omoro na Omolo ni watu wawili, wasiofanana hata kidogo. Lakini Kampala kuna ndimi ambazo kwazo herufi hizo mbili ni kitu kimoja. Na kule mtaani kwao, mkubwa wa mayumba kumi, yaani balozi wa nyumba kumi, alikuwa Lubwama, mtu mnene mwenye heshima na kelele, ambaye kila asubuhi alipita akisalimu "habali za leo" na kuwaonya watoto kwamba barabarani ni "hatali". Watu walikuwa wakimcheka. Watoto walikuwa wakimwiga. Hata Rosebella alikuwa akimwiga, jioni, kumfurahisha Cleopas.

"Sajini aliyekuja na askari alimwuliza Lubwama nyumba ya Omoro," Odoch alisema. "Nilimsikia Lubwama kwa masikio yangu. Akasema, 'Omolo? Namujua sana Omolo, ni lafiki yangu! Mulango wa bluu ule!' Akawaleta mpaka kizingitini, tena akabisha hodi kwa niaba yao."

"Herufi moja," Rosebella alisema.

"Herufi moja, shemeji."

"Mume wangu ameliwa na ulimi wa Lubwama!" Hapo damu ilimchemka hasa. Alitaka kuteremka mtaani dakika ile akamng'oe mtu yule meno, moja baada ya moja, mpaka ajifunze kutamka. "Na wewe! Herufi ndiyo kazi yako! Kutwa kucha unazipanga! Ukakaa bafuni ukasikiliza wanavyozikosea?"

"Sikukaa. Nilikwisha fungua mlango nitoke. Nilikuwa na mguu mmoja nje." Odoch alikishika kile kiraka cha kiwiko. "Nikamsikia Sajini anamwuliza Cleopas, 'Wewe ndiye Omoro?' Na Cleopas akajibu."

"Alijibu nini?"

"Alisema, 'Ndiyo. Mimi ndiye Omoro.'"

"Alisikia vibaya."

"Shemeji, Cleopas ni Mjaluo kama wewe. Alisikia vizuri. Na alilitamka sawasawa, kama mama yangu anavyolitamka."

Odoch, maskini, alidhani sasa Rosebella atalia, akanyoosha mkono ampoze. Hakumjua mwanamke huyu.

"Nani alimpa ruhusa?" Rosebella alisema.

"Shemeji?"

"Nauliza nani alimpa ruhusa! Ana watoto wawili. Aliwauliza? Mimi aliniuliza? Nilikuwa sokoni nachagua nyanya za kumpikia yeye, na yeye yuko mlangoni anajifanya mtu mwingine! Nimetazama maiti za watu, Odoch. Nimefunua shuka. Mwezi mzima nalilia mtu aliyeonewa, kumbe alijitoa mwenyewe kama mtu anayetoa kiti kwa mgeni! Ushujaa huo wa kumfurahisha nani?"

"Mimi," alisema Odoch kwa sauti ndogo. "Ni mimi niliyechapa zile karatasi za wanafunzi za kuipinga serikali. Yeye alinikataza. Aliniambia zitatuua."

"Basi ungemsikiliza!"

"Ningemsikiliza." Akavua koti, akamkabidhi. Ndani alikuwa na fulana tu, na mbavu zilionekana. "Shemeji, nimechoka. Nenda kawaambie Omoro yuko hapa, amekaa kwenye kisiki, hana silaha. Wakinipata mimi, huenda wakamwachia yeye. Kama bado yuko hai."

Rosebella alilishika lile koti. Lilikuwa bado na joto la mtu mwingine. Nitawaambia ukweli, kwa sababu sipendi waandishi wanaowapamba watu wao: alilifikiria jambo hilo. Alilifikiria kwa dhati, huku akimtazama machoni. Mtu mmoja kwa mwingine, na Cleopas nyumbani kabla ya chakula cha jioni.

Mlango wa gari ulibamizwa barabarani.

"Ni hapa, afande!" Sauti ile Rosebella angeitambua hata kaburini. "Kweri kabisa, mukazi, ule mwanamuke, ameingia hapa! Nimemufuata toka Mulago! Anapiga kelele kila ofisi, anahalibu jina la serikali!"

"Vaa koti," Rosebella alimwambia Odoch kwa mnong'ono mkali. "Piga magoti. Kichwa chini. Usipumue."

"Shemeji, si nimesema..."

"Atakayeamua ni mimi, si wewe! Ninyi wanaume mmeshaamua vya kutosha. Magoti!"

Odoch alipiga magoti. Rosebella alikiokota kiatu chake, akakivaa, akateremka kuelekea langoni bila kugeuka nyuma.

Peugeot nyeupe, haina namba. Askari wawili na bunduki zao. Sajini mrefu, mikono ya shati imekunjwa vizuri. Na Lubwama, anajifuta jasho kwa leso, anatabasamu kama mtu aliyeleta zawadi.

Askari mmoja alikuwa hamtazami Rosebella kabisa. Alikuwa anatazama nyuma yake, juu, kwenye makaburi. Akavua bereti yake polepole.

"Afande. Ile kitu iko pale."

"Kitu gani?"

"Ni Mzee Magoti, afande," Lubwama alieleza, akirudi hatua nyuma. "Muzimu wa hapa. Hana taabu kama amepiga magoti. Lakini akisimama, bambi, jamani, ni hatali."

"Kwenda kamata," Sajini aliamuru.

"Afande, mimi iko na watoto," alisema askari.

"Wewe ingine, kwenda!"

Wa pili akaona afadhali kukagua tairi la gari. Sajini mwenyewe alitazama kwa muda, akatema mate pembeni, na hakuvuka lango. Fikirini! Watu waliotoa wenzao majumbani Kampala nzima bila mkono kutetemeka, wakasimama wanatetemekea jiwe na kisiki. Natamani mji mzima ungekuwa umejaa visiki.

"Wewe mama," Sajini alisema. "Kila siku kelele. Kila ofisi, wewe. Nataka nini?"

Rosebella alikuwa amejipanga. Njiani kutoka kaburini mpaka langoni alikuwa ameamua kusema taratibu, kuinamisha macho, kuomba, kulia ikibidi, huku akipima moyoni nini cha kutoa na nini cha kuficha. Angeweza. Wanawake wengi mwaka ule walijifunza kulia mbele ya watu wale, na wengine walipata waume zao.

Lakini Lubwama alimsogelea akamnyooshea mkono.

"Nnyabo, mama yangu, pole sana. Habali za nyumbani?"

"Habali?" Rosebella alisema. "Habali!"

Na yote aliyojipangia yakaondoka. "Habali gani unayoniuliza wewe? Mwulize huyu, afande! Mwulize ulimi wake una nini! Ulimwomba Omoro, akakupa Omolo! Omolo hajafanya kitu! Omolo anaendesha mashine, anakula, analala! Mlichukua mtu siye!"

Hata hajamaliza alijua. Neno limeshatoka, na hakuna wa kulirudisha.

Askari aliyekuwa kwenye tairi aliinuka. Lubwama aliwatazama wote, mmoja mmoja, haelewi kabisa.

"Lakini nnyabo," alisema kwa upole, "Omolo na Omolo, tofauti ni gani?"

Sajini alimgeukia.

"Sema Omoro."

"Omolo, afande."

"Omo-ro."

"Omo-lo." Leso ilikuwa imelowa chapachapa. "Si ndivyo nasema, afande? Omolo!"

Askari mmoja alicheka. Sajini hakucheka. Uso wake ulikuwa wa mtu anayejua kwamba naye ana mkubwa wake, na mkubwa huyo hapendi kuambiwa kuna kosa.

"Kumbe iko Omoro ingine," alisema polepole. "Na mimi mwezi mzima nakaa na mutu. Nauliza jina, yeye nasema Omoro. Napiga, nasema Omoro. Nanyima maji, nasema Omoro."

Yeye nasema. Sajini alimtaja kama mtu aliye hai. Rosebella akashika nguzo ya lango. Yuko hai! Cleopas yuko hai! Kabla furaha ile haijamkaa, Sajini aliendelea.

"Leo nasema atatuonyesha rafiki yake. Natuzungusha Kampala toka asubuhi. Natuma huku, nyumba hakuna. Natuma kule, nyumba hakuna. Kama yeye hapana Omoro, basi nacheza na jeshi." Akapiga vidole. "Fungua buti."

Buti la Peugeot lilifunguliwa.

Walimtoa kwa mabega. Jicho moja limefungwa kwa uvimbe, midomo imepasuka, mikono imefungwa mbele kwa waya. Shati lake lilikuwa lile la siku ile, na Rosebella alilitambua kabla hajatambua uso. Walimsimamisha akayumba, akajikaza, akasimama. Mwanga wa jua ulimwumiza, akawa anapepesa lile jicho zima.

"Wewe," Sajini alimwambia. "Jina?"

"Omoro." Sauti yake ilikuwa kama ya mtu mzee, lakini ile herufi ilitoka safi.

"Lubwama, funga mdomo. Na wewe, huyu mama nasema wewe ni Omolo. Nasema wewe ni bwana yake. Tazama yeye. Unajua?"

Cleopas alimtazama mkewe. Alimtazama taratibu, jicho lile moja likapita kichwani, usoni, kwenye mikono iliyoshika nguzo. Rosebella alimngojea. Mwezi mzima alikuwa akimngojea, na sasa walikuwa karibu kiasi cha kusikia anavyohema.

"Simjui," Cleopas alisema.

"Tazama vizuri."

"Simjui, afande. Labda amechanganyikiwa, maskini. Mimi ni Omoro. Sina mke."

Sina mke.

Jamani, nawaomba msimhukumu upesi. Rosebella alielewa. Si mjinga, alielewa kwamba anaokolewa, kwamba mke wa mtu huyu angeingizwa kwenye buti lile lile, na watoto wakabaki na nani? Alielewa kila kitu. Lakini kuelewa kulikaa kichwani, na mkono una mambo yake. Mkono ulikumbuka shuka za Mulago. Ulikumbuka nyanya, na kijana wa miwani myeusi, na watoto wanaouliza kila jioni.

Akamzaba kofi.

Halikuwa kofi la kuigiza. Lilimgeuza Cleopas uso, likasikika mpaka ukutani mwa kanisa. Lubwama aliruka. Askari wakainua bunduki kisha wakaziteremsha, hawajui wamlinde nani.

"Huna mke?" Rosebella alisema, na machozi yaliyokataa kutoka mwezi mzima yakaanza kumwagika. "Huna mke wewe?"

Na hapo Sajini alicheka. Alicheka kwa raha, mikono kiunoni, mpaka akajifuta macho.

"Askari piga mutu," alisema. "Polisi piga mutu. Mimi najua kupiga. Lakini ile kofi ni ya bibi kwa bwana yake. Hakuna mwanamke napiga vile mutu hajui." Akamshika Cleopas kidevu, akamwinua uso, karibu kwa upole. "Haya, bwana Omolo. Karibu. Sasa kazi yako imekwisha."

Akamwachia, akamgeukia Rosebella. Kicheko kilikuwa kimekwisha usoni mwake.

"Mama, wewe najua jina ya ile Omoro ingine. Mimi sikusikia kwa Lubwama, nasikia kwa wewe. Kwa hiyo wewe najua yeye iko wapi. Onyesha tu kidole, na bwana yako nakwenda nyumbani na miguu yake. Kama hapana, buti iko kubwa."

Rosebella alifuta macho kwa mgongo wa mkono, akamtazama mumewe, alitaka amwambie la kufanya, kwa mara hii moja mke aulize na mume ajibu. Cleopas hakuwa anamtazama Sajini, wala bunduki. Alikuwa anamtazama mkewe, na katika lile jicho lililobaki alikuwa anaogopa. Alikuwa anamwogopa yeye, na kidole chake.